Pumzi ya Mkamwana

"Shangazi, mwambie mkamwana ale kwanza," ilisema sauti ya mzee kutoka nyuma ya blanketi.

"Atuganile, baba mkwe wako anasema ule kwanza," kikasema kisanduku kilichoning'inia msumarini.

"Mwambie nimeshakula. Halafu mwambie namsikia anavyokohoa tangu kumekucha."

"Mzee, mkamwana wako anasema ameshakula. Halafu anasema anakusikia unavyokohoa tangu kumekucha."

Mzee Mwasandube alikohoa tena, kikohozi chenye maji ndani yake, na Atuganile akaacha kufunga begi akasikiliza. Yeye alikuwa nesi. Kikohozi kikavu cha mlimani alikijua, nacho humpata karibu kila mtu anayepanda huku. Hiki kilikuwa kingine, na alichukia kukitambua.

Walikuwa wawili tu katika kibanda cha Kitandara, ndani kabisa ya safu ya Ruwenzori, na lile blanketi lililotundikwa katikati ya chumba lilikuwa wazo la mzee. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana hakumtazama baba mkwe wake usoni, hakumsemesha, hakulitaja hata jina lake. Siku hizi watu wanalima nyanya mwezini, na wengi hawakumbuki hata kwamba mwiko huo uliwahi kuwepo. Nyumba ya Mzee Mwasandube, kule Tukuyu, ilikumbuka. Tangu aolewe, Atuganile alimjua baba mkwe wake kwa viatu vyake, kwa kivuli chake, na kwa salamu alizoletewa na watu wengine. Hakuona ubaya. Ndio ulikuwa ustaarabu wa nyumba ile, na mzee naye aliushika kwa uzito uleule: akimwona mkamwana anakuja na njia ya shambani, yeye hukata kona akapita kwenye migomba, na magoti yake mabovu hivyo hivyo.

Kisanduku ndicho kilichowasaidia. Jina lake la kikazi ni Kiongozi, na kampuni ya Njia Huru hukikodisha kwa watu wanaotaka kwenda likizo milimani wenyewe, bila waongozaji wala wapagazi. Kinajua kila jiwe la njia, kinasikia kila kitu, na hakinyamazi, ndiyo maana watu wote wanakiita Shangazi. Mzee alipogundua kwamba kinaweza kufikisha maneno, alifurahi sana. Tangu siku hiyo akawa anakituma kama anavyotumwa mshenga, hata kwa habari ya chumvi.

"Shangazi," alisema Atuganile kwa sauti ya chini, "fulana yake ya vipimo inasemaje?"

"Mapafu ya mzee yanajaa maji. Oksijeni kwenye damu inashuka. Anapaswa kuteremka leo."

"Ndege ya uokoaji?"

"Ukungu umefunga bonde lote. Ndege haiwezi kutua Kitandara mpaka ufunguke. Natabiri kesho mchana."

"Atafika kesho mchana?"

"Sidhani."

Shangazi alitengenezwa asidanganye, na asubuhi ile Atuganile alitamani waliomtengeneza wangempunguzia kidogo sifa hiyo.

*

Likizo haikupangwa hivi. Mzee alikuwa amefiwa na mkewe, na tangu mazishi alikuwa akikaa barazani akitazama lango bila kungoja mtu. Ambwene, mwanawe wa pekee na mume wa Atuganile, akasema baba atoke, apande milima aliyokuwa akiizungumzia tangu ujana, aone ziwa la Kitandara kabla macho hayajamwacha. Wakaenda watatu. Ambwene alitembea katikati, baba mbele, mke nyuma, akawa kama pazia lenye miguu. Waliruka kutoka kisiki hadi kisiki kwenye matope ya Bigo, wakacheka, wakapika uji, na jioni mzee alisimulia kesi za zamani alipokuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, akimwelekea mwanawe lakini kwa sauti iliyotosha kufika kwa mkamwana.

Halafu Ambwene akateleza kwenye mawe ya juu ya ziwa la Bujuku, akavunjika kifundo cha mguu. Ndege ya uokoaji ilikuja, na ndege zile hubeba mtu mmoja. Ukungu ulikuwa unaanza kukaza. Kurudi nyuma kulikuwa na matope yaleyale, kwenda mbele kulikuwa na ziwa ambalo mzee alilijia, na mzee akasema mbele. Hakuna anayeruhusiwa kutembea peke yake kwenye njia za kampuni. Kwa hiyo Ambwene, akiwa amefungwa kwenye machela, alimshika mke wake mkono: "Nenda naye, tafadhali. Nitawapokea chini." Atuganile akacheka, akamwambia asijitie uanaume, kwani jasho lilikuwa linamtoka.

Ndege ilipopaa, Shangazi aliuliza swali ambalo sheria inamtaka aliulize kila jozi mpya inapoundwa.

"Mzee, je, ikibidi unakubali kuunganishwa na Atuganile kwa mrija?"

"Sikubali."

"Neno lako limehifadhiwa," akasema Shangazi, na safari ikaendelea.

Mrija wenyewe ni huu. Kabla ya kupanda, kila mtembezi huchomwa sindano ya wabebaji, chembe zisizo na uhai, ndogo kuliko chembe za damu, ambazo kazi yake ni kubeba oksijeni. Mapafu yakiwa mazima, wabebaji hujaa. Mapafu yakijaa maji, wabebaji huzunguka watupu, na mtu huzama akiwa amekaa kwenye nchi kavu. Hapo ndipo fulana mbili za jozi huunganishwa ubavuni kwa mrija: wabebaji hujazwa kwenye kifua cha mzima, huvuka kwenda kwa mgonjwa, hurudi watupu kujazwa tena. Ili wasikwame njiani, lazima mioyo miwili ipige pamoja, na fulana huilazimisha ipige pamoja. Kampuni inaliita jambo hilo ulinganifu. Waliowahi kuunganishwa wanalisimulia kwa namna nyingine: unausikia woga wa mwenzako kifuani mwako, na haya yake, na uchovu wake, na kuna wanaosema hata baada ya miezi wanaamka na pumzi isiyo yao.

Mtu ambaye hapiti njia moja na mkamwana wake angelikubalije hilo?

Na sheria ilikuwa upande wake. Miaka ya mwanzo ya mrija, matajiri walipanda milima na vijana wa kukodi, wakaunganishwa nao, wakafika kileleni wakipiga picha. Baadhi ya vijana wale hawakushuka. Ikatungwa Sheria ya Mwili: hakuna anayeunganishwa bila neno lake, na aliyesema hapana, hapana yake haifutwi na mtu mwingine yeyote, awe mke, mwana au daktari. Atuganile alikuwa akiipenda sheria hiyo kwa moyo wake wote. Aliwahi kutoa ushahidi dhidi ya daktari wa zahanati moja aliyemuunganisha kijana aliyelala usingizi wa dawa na mgonjwa mwenye nafasi yake mjini. Wakili alimuuliza kama kijana yule alidhurika. Atuganile alijibu, "Mtu akishasema hapana, kulala hakuifuti." Daktari yule hakutibu tena.

*

"Baba," alisema Atuganile.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita moja kwa moja. Nyuma ya blanketi, pumzi ya mzee ilikatika kidogo kwa mshtuko.

"Shangazi... mwambie mkamwana..."

"Baba, tumwache Shangazi apumzike. Unaumwa. Mapafu yako yanaingia maji. Nataka nione midomo yako."

"Hapana."

"Basi tuzungumze hivi hivi. Hapa tuko kwenye bakuli, baba. Ili tuteremke lazima kwanza tupande, tuvuke kipito cha Freshfield, na njia ya upande wa Kongo iliporomoka zamani. Kwa hali yako huwezi kupanda. Ukiwa na pumzi yangu utaweza."

Mzee alikohoa kwa muda. Aliposema, alisema taratibu, kama alivyozoea kusoma hukumu.

"Nilishasema kule juu. Sikusema kwa kuropoka. Mama yake Ambwene ameondoka na heshima yake, na mimi nataka niondoke na yangu. Kama ni kufa, nitakufa nikiwa baba mkwe."

"Mimi nitamwambia nini Ambwene?"

"Mwambie nilikataa. Atakuelewa. Ananijua."

Atuganile aliuma meno. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa anamheshimu, na hilo ndilo lililomtesa. Laiti mzee angekuwa amechanganyikiwa! Lakini alikuwa na akili zake zote, maneno yamepangwa, sababu anazo. Akachemsha maji, akayapitisha chini ya blanketi kwenye kikombe cha bati. Kikombe hakikuchukuliwa.

Halafu kitu kikaanguka nyuma ya blanketi, kizito, na kikombe kikaviringika.

Atuganile aliling'oa blanketi.

Mzee alikuwa chini, ubavu kwenye mbao za sakafu, povu la rangi ya waridi kwenye kona ya mdomo. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. Ndivyo Atuganile alivyouona uso wa baba mkwe wake kwa mara ya kwanza, na kilichomchoma ni kwamba ulikuwa uso wa Ambwene. Nyusi zilezile. Kovu dogo kidevuni, ambalo Ambwene hana, ndilo lililowatofautisha. Alikuwa amelala na uso huu miaka yote bila kujua umetoka kwa nani.

"Tupokigwe," alisema mzee akimtazama. Lilikuwa jina la marehemu mkewe. "Funga mlango. Ng'ombe watatoka."

"Nimeufunga," alisema Atuganile, akamkalisha, akamwegemeza ukutani.

Alimwomba Shangazi ampigie Ambwene. Sauti ilikuja ikikatikakatika kutoka hospitali ya chini.

"Atu? Mmefika wapi?"

"Bado Kitandara. Baba amezidiwa. Mapafu."

Ambwene akaanza kusema haraka haraka. "Muunganishe. Muunganishe sasa hivi, unangoja nini?"

"Alikataa. Juzi alikataa, na leo amekataa tena kwa akili zake timamu. Sasa hana akili."

"Mimi ni mwanawe! Shangazi, unanisikia? Mimi ndiye mtoto wake wa kumzaa, nakubali kwa niaba yake!"

"Samahani, Ambwene," akasema Shangazi. "Aliyesema hapana ndiye pekee anayeweza kuifuta."

Ambwene akalia. Hakuwa mtu wa kulia, na Atuganile alisimama katikati ya kibanda akimsikiliza mume wake analia kisandukuni, na baba wa mume wake anakoroma maji sakafuni, akaona kuta zinamsogelea.

"Atu," alisema Ambwene hatimaye, sauti imebadilika, imekuwa ya kuchagua maneno. "Wewe ni nesi. Uko hapo. Mimi siko. Unajua la kufanya."

Hakuongeza neno. Shangazi alikuwa akisikia, na wote wawili walijua kwamba anasikia. Ambwene alikuwa amemsukumia mzigo wote, kisha akakata simu akiwa na mikono misafi. Atuganile alimpenda mume wake, lakini kwa dakika ile alitamani kumzaba kofi.

*

Shangazi ana masikio lakini hana macho. Macho waliyaondoa zamani, baada ya picha za watembezi waliovua nguo kusambaa kila mahali. Kwa hiyo mtu akishindwa kusema, na akaashiria kwa kichwa au kwa mkono, Shangazi hawezi kujua. Anahitaji shahidi.

Kila nesi anayefanya kazi na mrija anajua tundu hilo liko wapi. Atuganile alikuwa amewahi kuwafundisha wanafunzi kwa nini lisitumiwe.

Alipiga magoti mbele ya mzee, akamshika mashavu. "Baba, unanisikia? Unakubali mrija? Tikisa kichwa tu kuitikia." Macho ya mzee yalipita juu yake yakaenda darini. "Baba. Nakuomba." Kichwa hakikutikisika. Mdomo ulifunguka, ukavuta hewa, ukashindwa, ukavuta tena.

Angeweza kukaa pale akamshika mkono mpaka mwisho. Hakuna mtu ambaye angemlaumu, wengine wangemsifu. Angeweza kusema mbele ya mahakama yoyote kwamba aliheshimu neno la mtu, na lingekuwa kweli tupu. Na kila asubuhi ya maisha yake angeamka kando ya uso huu.

Akapiga moyo konde.

"Shangazi, tayarisha mrija."

"Mzee alikataa. Neno lake ninalo."

"Amebadilisha."

"Sijamsikia."

"Hawezi kusema. Ametikisa kichwa kukubali."

Mvua ikaanza kugonga paa.

"Unakuwa shahidi wa jambo hilo?"

"Ndiyo."

"Ushahidi wa uongo katika mambo ya mwili ni kosa la jinai, na muuguzi hupoteza leseni. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Weka kiganja."

Akakiweka kwenye kisanduku. Kiganja kilikuwa na jasho, lakini Shangazi hajali jasho.

Alimtungua Shangazi msumarini akamning'iniza shingoni, akamvalisha mzee buti, akafunga kamba, akavuta mrija kutoka kwenye ubavu wa fulana yake na kuuchomeka kwenye ubavu wa fulana ya mzee. Kwanza hakuna kilichotokea. Halafu moyo wake ulijikwaa. Ulisimama, au alidhani umesimama, ukaanza tena kwa mwendo ambao haukuwa wake, wa kizee, wa kuburuza, na hofu ikamjia kifuani kama maji baridi. Akataka kuupigia kelele moyo urudi. Baadaye kidogo mwendo ukapanda, ukatulia katikati, si wake wala si wa mzee. Rangi ya majivu ikaanza kuondoka kwenye midomo.

"Mkikaa hapa, mapafu yako pia yatajaa," alisema Shangazi. "Mwili wako unahema kwa watu wawili. Mnapaswa kuvuka kipito na kuteremka kabla giza halijaingia."

"Simama, baba," alisema Atuganile. Mzee akasimama.

*

Njia ya Freshfield inapanda kwenye matope, kisha kwenye mawe, kisha kwenye matope juu ya mawe, na mimea mirefu yenye vichwa vya majani imesimama kila upande. Katika ukungu ilionekana kama watu waliokuja kuangalia. Atuganile alitangulia nusu hatua, mkono wa mzee begani mwake, mrija ukiwa kati yao chini ya makoti. Alihema hewa yote iliyokuwepo na haikumtosha. Kila alipopandisha mguu alisikia nusu ya nguvu zake inakwenda kwingine, na akaendelea kupandisha.

Mzee alitembea kama mtu anayetembea usingizini. Mara mbili aliteleza, na mara zote mbili Atuganile aliyasikia maumivu ya magoti yale katika magoti yake mwenyewe, akashangaa kwamba mtu mwenye magoti ya namna hii alikuwa akikata kona kwenye migomba miaka yote hiyo kwa ajili yake.

Na kulikuwa na kitu kingine kilichopita kwenye mrija. Mwanzoni kilikuwa cheusi, kisicho na umbo, hofu tupu ya mwili unaozama. Kadiri walivyopanda na wabebaji kujaa, kikapata umbo. Kikawa huzuni, kuukuu, ya mtu aliyetazama lango. Kisha, karibu na juu, mawe yalipoanza kulala na upepo kuwapiga usoni, kikawa haya. Haya kali, ya mtu mzima aliyekutwa hana nguo. Atuganile alijua kabla hajageuka kwamba mzee ameamka.

"Mkono wangu," alisema mzee, "uko wapi?"

"Begani kwangu, baba."

Mkono ukaondoka. Mzee akayumba, akakaa juu ya jiwe, na mrija ukakaza ukamvuta Atuganile akainama. Walikuwa kwenye kipito. Mbele yao nchi ilianza kuteremka, ingawa ukungu uliwaonyesha mawe machache tu ya mwanzo.

"Mzee Mwasandube, unanisikia?" akauliza Shangazi.

"Nakusikia."

"Umeunganishwa na Atuganile kwa mrija. Ameshuhudia kwamba ulikubali kwa kutikisa kichwa. Sasa unaweza kusema, na sheria inataka neno lako mwenyewe. Unathibitisha au unakana?"

Atuganile alijua swali hilo litakuja. Kule chini kibandani alikuwa amelisahau kwa makusudi.

"Nikikana?" aliuliza mzee.

"Mrija unafungwa. Bila mrija huwezi kufika bondeni. Maji bado yamo kifuani. Na ushahidi wa Atuganile unapelekwa mahakamani."

"Nikithibitisha?"

"Yanaishia hapo."

Mzee alipangusa mdomo kwa kiganja. "Shangazi, mwambie mkamwana..."

"Wakati wa uthibitisho siruhusiwi kufikisha maneno. Mnapaswa kusema ninyi wenyewe."

Mzee Mwasandube akainua uso na kumtazama mke wa mwanawe machoni, na haya ile ikapanda tena kwenye mrija ikawaunguza wote wawili. Hakushusha macho.

"Nilitikisa kichwa?" aliuliza.

Shangazi alikuwa anasikiliza, na Atuganile alijua. Angeweza kusema ndiyo. Alifungua kinywa aseme. Lakini moyo wake ulikuwa umeshakurupuka wenyewe, na moyo wa mzee ulifungwa nao, ukakurupuka vilevile. Alimwona baba mkwe wake akiupokea uongo wake kifuani na kuutambua ni nini. Hakimu huyu alikuwa amewafunga watu jela kwa ushahidi wa uongo kama huu.

"Sawa," alisema mzee. "Shangazi, hifadhi neno langu. Sikutikisa kichwa. Nakana."

"Baba!"

"Mrija utafungwa baada ya..."

"Sijamaliza. Hakimu hakatizwi." Alivuta hewa, na hewa hiyo ilikuwa ya Atuganile. "Huko nyuma nakana. Kuanzia jiwe hili nilipokaa, kwa sauti yangu na akili zangu, nakubali. Nakubali mrija, na nakubali ni wake. Umesikia yote mawili?"

"Nimesikia yote mawili. Mrija unabaki. Ushahidi wa Atuganile unapelekwa mahakamani."

"Upelekwe."

Atuganile alisimama kwenye upepo. Akaiona sare yake nyeupe imekunjwa mikononi mwa mtu mwingine. Akamwona wakili akisoma kwa sauti maneno yake mwenyewe kuhusu mtu aliyelala. "Ulitakiwa useme neno moja tu," alisema. "Moja! Nimekubeba kwenye mapafu yangu mlima mzima, baba. Ungepungukiwa nini?"

"Ningesema hilo moja, kesho mwingine angesema aliyelala katikisa kichwa, na mfano wake ungekuwa mimi." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Nitakuja mahakamani. Nitasimama upande wako, niwaambie niko hai kwa kosa lako. Lakini sitawaambia halikuwa kosa."

Alikuwa anasema kweli, na Atuganile alijua anasema kweli, na hilo halikumpunguzia chochote. Hasira ilimpanda kutoka miguuni, hasira safi, isiyo na adabu ya mkamwana wala ya nesi. Alimchukia mzee huyu na shingo yake ngumu. Alifurahi yu hai, akafurahi mpaka machozi yakamlengalenga, na alimchukia. Yote yakapita kwenye mrija bila kupunguzwa, maana mrija haujui kuficha.

Mzee alijishika kifua.

"Ni kubwa," alisema polepole. Hakuomba radhi. Aliutafuta tena mkono wake, akauinua, akauweka begani kwa mkamwana wake. "Kasirika, Atuganile. Una haki. Lakini kasirika huku unashuka."

Atuganile akamshika mkono ule usiteleze, wakashuka.